Udongo niliompelekea mama mkwe haukutoka kwenye kaburi la mwanawe

Admin, jina langu lisionekane hata kidogo, shemeji zangu wote wako kwenye hii page. Nina miaka 34, Mkongomani wa Uvira, nasuka nywele hapa Durban. Ni mjane. Maneno yakiruka ruka mnivumilie, naandika nalia.

Mume wangu alikuwa mpishi wa wachimbaji kule Northern Cape, kwenye pwani ya jangwa yenye almasi. Eneo lote limefungwa, huingii bila kibali. Mwaka 2009 moyo ulimsimama ghafla akiwa jikoni. Mimi nilikuwa nimejifungua kwa upasuaji siku nne tu kabla, hata kusimama siwezi. Wenzake wakamzika hukohuko, sikumwona.

Kwetu mtu akifia mbali, unaletwa udongo wa kaburi lake uzikwe nyumbani, ndipo matanga yaishe. Mama mkwe alingoja miaka minne. Kila akipiga simu ni hilo tu: "Mama Neema, mtoto wangu utamleta lini?"

Basi 2013 nikasikia siku hizi wanapitisha watalii. Nikatuma copy ya kitambulisho, kibali kikatoka, nikaenda. Kwenye gari wazungu wanapiga picha meli iliyovunjika na nyumba zilizojaa mchanga, mimi nimevaa nguo nyeusi. Dereva akanipa dakika kumi makaburini. Nikamwonyesha mume wangu picha ya mtoto wetu Neema. Nikachota mchanga wa kaburi, nikaufunga kwenye kitambaa changu cha kichwa, nikauficha kifuani.

Getini wakati wa kutoka wakatusachi. Askari, mama mtu mzima, akafungua kitambaa. "Mama, hapa hata jiwe halitoki." Nikapiga magoti. Nikamwambia hiyo si almasi, huyo ni mume wangu! Machozi yalimlenga, namwona kabisa, lakini akakung'uta kitambaa palepale mbele ya watu. Kisha akakikunja vizuri, akanirudishia. Eish, kule kunikunjia kuliniuma kuliko kama angenitukana.

Sasa dhambi yangu ndiyo hii. Pasta wetu alikuwa anasafiri kwenda Uvira wiki ileile, na mama mkwe ameshaita watu. Nikachota udongo nyuma ya kanisa letu, hapahapa Durban, mtaa wa Sydenham, nikaufunga kwenye kitambaa kilekile, nikampa.

Ulipofika mama akapiga: "Mbona iko mwekundu? Jangwani si mchanga tupu?"

Nikajibu bila hata kumeza mate: "Ukichimba chini, Mama, iko mwekundu."

"Asante binti yangu. Leo nitalala."

Wakauzika kwa nyimbo, wakasimika msalaba. Mimi niko saluni nasuka, machozi yanadondokea kichwani kwa mteja.

Wiki iliyopita shemeji amepiga. Mama ni mgonjwa, hali chakula tena, hospitali wamemrudisha nyumbani. Ameagiza kaburi lake lichimbwe pembeni ya mwanawe, wakaribiane kabisa. Halafu Jumapili anataka tuongee kwenye simu, niape kwa jina la Mungu kwamba ule udongo ni wa mtoto wake, ndipo afunge macho.

Jamani, mimi nilichota. Kwa mikono hii nilichota pale kaburini kwake, Mungu aliniona. Nikiapa, namtaja Mungu kwa uongo mbele ya mtu anayekufa. Nikisema kweli, namuua mwanawe mara ya pili, na yeye hana nguvu tena ya kumlilia.

Leo ni Ijumaa. Nishaurini, nitamwambia nini mama yangu?