Kilo Ishirini na Mbili za Mjomba

Harufu ya chokaa mbichi inapomwagiwa maji hunipandisha hasira mpaka leo. Wengine huwakumbusha nyumba mpya. Mimi hunikumbusha mjomba wangu Saidi akiitwa mwizi.

Mjomba alikuwa mchoma chokaa kwetu Mocímboa, kaskazini mwa Msumbiji. Wanawake waliokota magamba ya chaza na kombe pwani maji yakipwa, yeye akayapanga juu ya magogo na kuyachoma mpaka yakawa meupe, ya kuvunjika kwa vidole. Miaka yote chokaa yake ilipimwa kwa debe, na hakuna aliyelalamika. Kisha msikiti wetu ukapata mweka hazina mpya, Bwana Amade, mtu wa kupenda mizani. Akaazima ile ya kupimia samaki, akapima magamba ambayo msikiti ulimnunulia mjomba auchomee chokaa: kilo hamsini. Baada ya moto akapima tena: ishirini na nane.

"Nyingine umepeleka wapi, Saidi?"

"Moto umekula."

"Moto hula kuni, bwana. Gamba haliliki!"

Watu wakacheka. Tangu siku ile mjomba hakuitwa tena kwenye kazi ya msikiti, na Ijumaa akawa anasali safu ya mwisho, karibu na viatu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na nawaambieni ukweli: alipokwenda kisimani, nilichungulia uvunguni mwa kitanda chake. Hamkuwa na kitu ila ndala kuukuu.

Miaka mitatu baadaye, darasa la kumi, profesora wetu wa kemia alituandikia ubaoni kwamba moli moja ya kalsiamu kabonati, yaani yale yale magamba, ina gramu mia. Ikiungua hubaki moli moja ya chokaa, gramu hamsini na sita. Wenzangu walihesabu gramu za kitabuni. Mimi nikaandika gramu elfu hamsini, nikagawanya kwa mia, nikapata moli mia tano. Nikazidisha kwa hamsini na sita: gramu elfu ishirini na nane. Kilo ishirini na mbili zilikuwa gesi, zimepaa na moshi mbele ya macho ya msikiti mzima!

Nikakimbia na daftari hadi kwa Bwana Amade. Alilitazama, akanirudishia.

"Hayo yameshapita, mwanangu. Tulishamsamehe."

Kumsamehe! Kumsamehe nini, mtu ambaye hakuchukua hata kijiko? Nililia njia nzima kwa hasira.

Mjomba hakujua kusoma. Alinitaka nimsomee hesabu ile mara mbili, kwa sauti, mlango ukiwa wazi ili majirani wasikie. Kisha akafunga daftari polepole.

"Haya. Sasa uvunguni kwangu hutachungulia tena."

Nilicheka, nikadhani ananitania. Nilikuwa nimeshamaliza hasira zangu zote kwa Bwana Amade. Nilikuja kuelewa nikiwa mtu mzima kwamba aliniona siku ile nilipochungulia, na kwamba kwa miaka mitatu alinimiminia chai kila nilipokwenda kwake, huku akijua.