Breki Iliyokunywa Dawa Yangu

Mimba ile ilinipa pua ya paka. Nikiwa chumbani nilijua jirani anakaanga samaki gani, na pikipiki ya mume wangu ikiingia uani nilikimbia kutapika. Si petroli iliyonichefua, ni mafuta ya breki. Nilimwambia kila siku, "Bwana wee, mafuta yako yanuka kama dawa ya kuharisha," naye hucheka tu.

Ilikuwa pikipiki kubwa ya mkono wa pili, yenye kigari cha pembeni, na breki yake ya nyuma ilikuwa ya mafuta, si ya waya kama za wenzake. Aliringa nayo Likoni nzima. Lakini siku uchungu uliponishika ilikuwa imesimama uani, haina breki. Mrija ulilegea jana yake, mafuta yote yakamwagikia mchangani. Aliukaza mrija, akasema mafuta mengine atanunua mjini asubuhi akivuka kwenda kazini. Asubuhi ikanikuta mimi niko chini, nimeuma kanga.

Mkunga alinipapasa tumbo, akapapasa tena. Kisha akanawa mikono. "Mtoto amekingama, kalala upande," akasema. "Huyu mimi simgusi. Mpelekeni hospitali ng'ambo, sasa hivi."

Gari mtaani kwetu Shika Adabu lilikuwa moja, na mwenyewe keshavuka nalo. Ikabaki pikipiki, na mbele yake mteremko wa feri. Anayeijua Likoni anaujua mteremko ule: washuka moja kwa moja majini, na feri ikiwa haipo, mbele yako hakuna ukuta wala kamba. Tena mvua ilikuwa imenyesha, saruji inateleza. Breki ya mbele, ya waya, peke yake isingeshika watu watatu. Niliogopa. Sioni haya kusema, niliogopa maji kuliko uchungu.

Mume wangu alishika chupa ya oili ya injini, akairudisha chini. "Hii yavimbisha mipira ya ndani," akasema. "Rafiki yangu alitia, breki ikanasa kabisa."

Mavyaa wangu, mama yake, akaja mbio na chupa ya mafuta ya nazi. Kwake yeye mafuta ya nazi hayakushindwa na kitu: nywele, cherehani, bawaba za mlango, sikio linalouma. "Tia haya, mwanangu, nimeyapika mwenyewe." Lakini kilikuwa kipupwe, na mafuta yalikuwa yameganda chupani, meupe. "Nitayapasha makaani, sasa hivi yatayeyuka," akasema. Mume wangu akaitazama ile chupa, nikamwona anataka kukubali.

"Ala!" nikapiga kelele. "Yayeyuke hapa, kisha yagande tena ndani ya mrija tuko mteremkoni? Wataka kuniua?"

Mavyaa aliiweka chupa ya nazi chini. Aliingia ndani, akatoka na kikombe na chupa nyingine. Yalikuwa mafuta ya mbarika, yale ya kuharisha, aliyoniwekea kwa siku hiyo, kama alivyowekewa yeye na mama yake. "Basi kunywa haya, mwanangu. Yatamsukuma mtoto, atoke kabla hatujafika hata ferini. Bismillahi."

"Abee, mama," nikasema, maana mavyaa hajibiwi vingine, nikafungua kinywa. Hapo harufu ikanipiga. Nikamshika mkono, kikombe kikacheza.

"Bwana! Njoo unuse hiki!"

Akanusa kikombe. Akanusa kopo tupu la mafuta ya breki. Akarudi kwenye kikombe, macho yamemtoka. "Wallahi ni yenyewe, mbarika. Lakini ya dukani ni mepesi kuliko haya, yana ukali fulani..."

"Spiriti," nikasema. "Kama ile ya kuwashia stovu."

"Hiyo ni dawa yako!" mavyaa akalia. "Nimekuwekea wewe, sikuwekea chuma!"

"Mama, nikizama itanifaa nini?"

Mume wangu akakitoa kikombe mkononi mwa mama yake. Sikuwahi kumwona akimnyang'anya kitu. Akayamimina yote koponi, ya kikombeni na ya chupani, akatia spiriti, akatikisa, akaijaza breki. Kisha mavyaa akawekwa kwenye pedeli, buibui limekunjwa kiunoni, na mwanawe akalala kando ya gurudumu kutoa hewa iliyobaki mrijani. "Kanyaga, mama! Shikilia! Achia!" Naye kila akikanyaga anasema, "Ya Latifu." Mimi nilikuwa nimeshika ukuta, nawalaani wote kimoyomoyo.

Tulipofika mteremkoni, feri ilikuwa ndiyo kwanza inang'oka. Niko kigarini, mavyaa kakaa nyuma ya mwanawe, na mbele yetu maji matupu. Nikauona mguu wa mume wangu ukikanyaga, na pikipiki inakwenda. Akakanyaga tena, inakwenda. Watu wakaruka pembeni. Akakanyaga kwa uzito wake wote, kigari kikasita, kikavuta kushoto, kikasimama. Maji yalikuwa yakigusa gurudumu la mbele.

Tuliingoja feri irudi hapo hapo, mguu wa mume wangu juu ya pedeli, hathubutu kuuinua.

Hospitalini nesi aliniwekea mkono tumboni, uso ukambadilika. "Umekunywa kitu? Mafuta ya mbarika? Msinifiche."

"Sikunywa."

"Alhamdulillahi. Jana nimeletewa mwenzako aliyekunywa, mtoto kakaa hivi hivi. Uchungu ulimjia kwa nguvu, akapasuka ndani. Tumewapoteza wote wawili."

Nyuma yangu nikasikia kitu kikianguka. Mavyaa alikuwa ameteremka ukutani, amekaa sakafuni, mikono kaikunjua mbele yake. Nesi akamuuliza ana nini.

"Nilimpa," akasema. "Nilimpa kwa mkono wangu. Yakanywewa na pikipiki."

Nesi akanitazama kuniuliza kama mama huyu ana akili zake. Lakini nilikuwa tayari nikisukumwa kuelekea chumba cha upasuaji.

Binti yangu alitolewa mchana ule, mzima, ana sauti. Mavyaa alipopewa amshike, alimwinamia akamnusa kichwani, muda mrefu, kisha akanirudishia haraka. Alikuwa bado haiamini mikono yake.