Kadi ya mpira na sikio la ng'ombe

Juzi kwenye kaunta ya vifurushi hapa Mwanza, bwana mmoja mbele yangu alitaka kutuma kadi ya zamani yenye picha ya mchezaji wa mpira. Ilikuwa iende ng'ambo, kwa wataalamu wanaokagua kadi na kuzipa daraja ili ziuzike vizuri. Aliishika kwa ncha za vidole, na kila mtu aliposogea, yeye alimgeuzia mgongo.

"Nitajuaje watakayonirudishia ni hii hii?" akamuuliza karani.

Mama mmoja wa Kisesa, nyuma yangu, akadakia: "Itie alama, baba. Sisi ng'ombe wetu tunawakata sikio kwanza, ndipo tunampa mtu atutunzie."

"Mama, nikiigusa hata kona tu, daraja linashuka."

"Kwa hiyo wanaitaka bila alama?" Mama akaguna. "Hata mwizi wa ng'ombe anamtaka huyo huyo asiye na alama."

Bwana akairudisha kadi kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo, akaondoka bila kuaga.

Zamu yangu ikafika. Nilikuwa natuma simu yangu kwa fundi, Dar. Nikamwomba karani anisubiri kidogo, nikajibanza pembeni, nikaanza kuikwaruza mgongoni kwa ufunguo.