Paka Aliyenadiwa Siku ya Mavuno

Mwaka wa pili baada ya kuwazika wazazi wetu, mvua ilikatika mtama ukiwa unachanua. Nilikuwa nimeacha shule kidato cha pili ili niwalee wadogo zangu watatu. Nilichovuna hakikujaza hata gunia. Nikatenga kiroba kimoja cha mbegu, nikakining'iniza jikoni kwenye moshi, nikawaambia wadogo zangu asikiguse mtu. Panya walikuwa wengi mno mwaka ule. Aliyekilinda kiroba kile ni paka wetu wa kijivu.

Jumapili ya mavuno ikafika. Kwetu kila nyumba hupeleka madhabahuni sehemu ya ilichopata, na ibada ikiisha vitu hunadiwa nje ya kanisa. Sisi tulipeleka boga moja. Nilidhani tumemaliza, mpaka nilipomwona mdogo wetu wa mwisho, binti wa miaka saba, akipita mbele na tenga la kuku. Ndani ya tenga, paka.

Kilichowekwa madhabahuni hakirudishwi nyumbani. Nilikaa kwenye benchi nikiiona mbegu yangu inaliwa.

Nje, mzee wa kanisa aliyekuwa akinadi aliinua tenga juu.

"Huyu hapa! Hadai mboga, mboga anajitafutia! Nani anaanza?"

"Mpe mume wangu," mama mmoja alipaza sauti, "labda atajifunza kujitafutia!"

Watu wakaangua kicheko. Mchungaji alikuwa ameinama mbele ya mdogo wangu.

"Shikamoo, Mchungaji."

"Marahaba, binti. Mbona umemtoa paka wenu?"

"Panya wametoboa joho lako. Niliona ulipoinua mikono kutubariki."

"Na kwenu hakuna panya?"

"Wapo. Wanaitaka mbegu."

Kila mtu alijua panya walivyojaa katika ile nyumba yake kuukuu. Mchungaji akasimama.

"Debe la mtama," alisema.

Hakuna aliyetaja zaidi ya hapo. Tenga likawekwa miguuni pake. Niligeuka nisilie mbele za watu.

"Narudisha," nikamsikia Mchungaji akisema. "Anadiwe tena."

Yule mama mwenye utani akamnunua kwa debe lake, naye akarudisha. Mwalimu wa kwaya akatoa alizeti, akarudisha. Jirani yetu Mwislamu, aliyekuja kutafuta jogoo tu, akatoa debe la uwele, akarudisha. Vicheko vilikuwa vimekwisha. Watu walikuja mmoja mmoja, na madebe yakapangwa kutoka mlangoni pa kanisa hadi kwenye ua wa minyaa. Sadaka ya nyumba ambayo haikujaza hata gunia ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote siku ile. Nikakaa chini palepale kwenye vumbi.

Wa mwisho alikuwa bibi mmoja mwenye bakuli la kunde. Hakurudisha. Alimkabidhi mdogo wangu tenga.

"Paka ni wangu sasa, mjukuu. Kwangu hana kazi. Nitunzie kwenu."

Kiroba kilifika Desemba kikiwa kizima, nikapanda. Lakini ninachokiona hadi leo nikifumba macho ni Jumapili iliyofuata mavuno, Mchungaji akiinua mikono kutubariki. Tundu la zamani kwenye joho lilikuwa limeshonwa kwa uzi mweupe. Kando yake palikuwa na jipya.