Kibuyu Ambacho Hakikutikiswa

Mkimbiaji aliyesoma shuleni kwetu alikuwa anarudi na medali, kwa hivyo mwalimu wa kompyuta akaiambia klabu yetu ichore kwa kompyuta video ya mursik, kinywaji cha kumpokea mshindi, ikimiminwa kutoka kibuyuni. Siku ya mapokezi kungekuwa na skrini kubwa uwanjani, na video moja tu ndiyo ingeonyeshwa. Nilishajua ni ya nani. Mimi ni mtu wa Ainabkoi, nyumbani kwa mursik. Hayo maziwa ya kuganda yenye weusi wa mkaa nimeyanywa kabla sijaota meno.

Shida ilikuwa deski-meti wangu, msichana tunayeketi naye dawati moja. Kwao wana duka mtaa wa Pioneer, wazazi walitoka upande wa Nyeri, na mursik hakuwa ameonja hata tone. Lakini huyo msichana anachezea setingi za vimiminika kwenye kompyuta vile mimi huchezea subira ya walimu.

Kompyuta haijui maziwa. Unaiambia wewe yawe mazito kiasi gani, yatoe povu au yasitoe, uso wake ung'ae au ufifie. Nikaweka uzito wa kutosha, nikaenda lunch, nikaiacha ikipiga hesabu. Kurudi, maziwa yanapenya ukuta wa kibuyu na kutiririka chini. Klabu nzima ikasimama nyuma yangu, mmoja akauliza kama kibuyu kimebanwa na mkojo. Nilicheka kuliko wote. Ukishachekwa, afadhali uongoze kwaya.

Deski-meti akanieleza polepole kwamba ukuta wangu ni mwembamba mno, niunenepeshe, maziwa yataacha kupenya. Nikamwambia asante, nitampigia simu. Sikuunenepesha. Ningewezaje, na amesema yeye?

Yake sasa. Mabonge ya maziwa yalishuka moja moja, uso laini usiong'aa kama mafuta, vijidoa vya mkaa vikielea juu. Wivu ulinipanda hadi masikio yakawa moto. Niliirudia hiyo video nikitafuta kosa kama nzi anayetafuta kidonda, na nikalipata.

"Madam, hicho kibuyu hakijatikiswa," nikamwambia deski-meti, mwalimu akisikia. "Kwetu ukimimina hivyo, mgeni anakunywa maji, mabonge yanabaki chini. Mama angekufukuza nacho."

Walicheka, na safari hii hawakunicheka mimi. Yeye hakununa.

"Kinatikiswa aje? Nionyeshe."

Na mimi, kwa kupenda sifa, nikachukua chupa ya maji nikasimama mbele ya watu. Kiganja juu ya mdomo, chupa imelala, huku na huku taratibu, si kama mtu anayechokoza soda. Alinitazama mikono tu. Kesho yake kibuyu chake kikatikisika vilevile, maji na mabonge vikachanganyika, ndipo kikamimina. Mwalimu aliitazama video yake mara moja tu, akasema ni hiyo.

Siku ya mapokezi nilikaa na Mama kwenye viti vya wazazi. Video ilipofika pale pa kutikisa, wamama wakapiga vigelegele. Mama akanigonga na kiwiko.

"Huyu ni mtoto wa nani?"

"Wa duka fulani huko Pioneer."

"Na kutikisa alifunzwa na nani?"

Nilikuwa na jibu tamu kabisa. Lakini ningelitoa, swali linalofuata lingekuwa video yangu iko wapi.

"Pengine aliuliza mtu," nikasema, nikapiga makofi kama wengine.