Upande wa Kulia

Orofa ya pili, juu ya duka la vitasa na makufuli, palikuwa na kiwanda kidogo cha mashati, na ndani yake dada wawili wa tumbo moja waliokaa benchi moja kwa miaka sita. Mkubwa alikaa kwenye mashine ya kutoboa matundu ya vifungo na kuyazungushia uzi. Mdogo alishona vifungo kwa mkono. Wenzao hawakuwa na dogo: wakawaita Tundu na Kifungo, na majina yakawaganda mpaka msimamizi naye akawa anaita hivyo hivyo bila kucheka.

Mwaka wa tatu wa kazi walichanga, wakanunua kicheza muziki kwa mchuuzi aliyekuwa akisimama getini na sinia la saa na betri. Kilikuwa kidude cheusi, chembamba, ukubwa wa kiberiti, chenye kioo kidogo kilichoandika majina ya nyimbo kwa herufi za buluu. Kijana mmoja wa dukani chini akawajazia nyimbo mia mbili na kitu, nyingi za zamani, za bendi ambazo hata mama yao angezikumbuka. Mama mwenyewe hakutaka kukiona nyumbani. Alisema mtu mwenye waya sikioni ni sawa na mtu aliyetoka, na yeye hana haja ya kuzungumza na viti.

Kwa hiyo kikawa kidude cha kazini. Kililala kwenye droo ya benchi, kikachajiwa kwenye soketi ya mashine, na asubuhi walipokaa tu, waya mmoja wenye vipande viwili vya kusikilizia ukagawanywa. Tundu alikaa kulia, jirani na dirisha, akachomeka kile cha kushoto, sikio lililomwelekea mdogo wake. Kifungo alikaa kushoto, akachukua cha kulia. Hawakuwahi kupangiana. Waya ulikuwa mfupi, na ndivyo ulivyofika. Walichokubaliana kwa maneno ni kimoja tu: hakuna kusikiliza peke yako. Ukisikiliza peke yako umeiba.

Walikuwa wakigombana juu ya wimbo mmoja. Mwimbaji aliuliza, taratibu, kama mtu anayetembea: njia ni ndefu, nani yuko nami? Kisha ikapita gitaa kidogo kabla hajaendelea. Kwenye kile kipande cha gitaa Kifungo alikuwa akiitikia kwa sauti nyembamba, bila kuinua macho kwenye shati: "Niko nyuma yako, usigeuke."

"Maneno hayo hayapo," Tundu angesema.

"Yapo."

"Unatunga. Miaka yote hii nasikiliza, sijawahi kuyasikia."

"Dada, wewe masikio yako ni ya kutundikia hereni tu."

Benchi zima likacheka, nao wakacheka, na kesho yake ikawa vile vile.

Miezi ya mwisho Tundu alianza kuona sauti inafifia. Alidhani kidude kinazeeka, kama kila kitu mle ndani. Akawa anapandisha kidogo leo, kidogo kesho, maana mashine yake ilikuwa na kelele na yeye ndiye aliyeshika vitufe. Kifungo wakati mwingine alikunja uso. Hakusema kitu. Hakuwa mtu wa kusema.

Jumanne moja akasema.

"Punguza, dada. Kinanipasua kichwa."

Tundu alikuwa na lundo la mashati mbele yake na msimamizi ameshapita mara mbili. "Mbona mimi sisikii hata vizuri? Unaanza uzee mapema."

"Punguza, nakuomba."

"Kama kinakukera, si utoe?"

Kifungo akakitoa. Akakiweka juu ya benchi, taratibu, kama mtu anayeweka yai, akaendelea kushona ameinamisha kichwa karibu kabisa na kitambaa. Hawakusemezana mpaka kengele ya kutoka. Jioni ile Kifungo alitapika. Jumatano hakuweza kukunja shingo. Walipomfikisha hospitali daktari alitaja homa ya uti wa mgongo, na Ijumaa, kabla ya saa nne asubuhi, alikuwa amekwisha kufariki. Alikuwa na miaka ishirini na sita.

Watu walikuja, watu wakaondoka. Tundu alirudi kazini baada ya wiki mbili, akatoboa matundu yake, na vifungo vikapelekwa benchi jingine. Kile kiti cha kushoto kilibaki. Droo hakuifungua. Alikuwa akiikwepa, akichukua mkasi wa benchi la nyuma badala ya kuchukua wake uliokuwa mle ndani.

Neno lililomwandama lilikuwa moja: punguza. Alilisikia kwenye bomba la maji likifunguliwa uani, kwenye pasi ikigusa kitambaa chenye unyevu, kwenye fagio. Alikuwa na hakika, hakika ya mtu aliyeona kwa macho, kwamba ile sauti ndiyo iliyofungua mlango na ugonjwa ukaingia. Daktari alisema mengine, lakini daktari hakuwepo benchini.

Mwezi wa pili baada ya msiba, mchana kweupe, umeme ulikatika. Mashine kumi na mbili zikanyamaza kwa pamoja, na katika ule ukimya wa ghafla, kabla watu hawajaanza kulalamika, Tundu akasikia wimbo. Mwembamba, wa mbali, kama mtu anaimba ndani ya chupa. Ulikuwa unatoka kwenye droo.

Mikono yake ikabaki juu ya shati. Mwenzake wa benchi la nyuma akauliza, "Nani ana redio?"

Tundu aliifungua droo. Kioo kilikuwa kinawaka buluu. Pengine mkasi ulikuwa umebonyeza kitufe, pengine yeye mwenyewe aligonga benchi kwa goti. Alijiambia hivyo vyote. Lakini wimbo ulikuwa ule ule wa njia ndefu. Akachomeka cha kushoto, sikio lake la siku zote, asikie tu ni nini kimemwita. Mwimbaji akauliza nani yuko nami. Gitaa ikapita. Hakuna aliyejibu.

Tangu siku hiyo alikisikiliza kila siku, na hakuona kwamba ni kusikiliza peke yake. Kile cha kulia alikiachia kining'inie juu ya kiti kitupu. Waya ulipita hewani ukaishia pale, na watu wakajifunza kutoupita. Hakukigusa. Kukichomeka kwenye sikio lake mwenyewe aliona kama kuvaa nguo ya marehemu kabla haijafuliwa. Sauti ya kidude aliiacha pale pale alipoiacha Jumanne ile. Kwake ilikuwa ndogo, ya kunong'ona. Wimbo ulipofika kwenye gitaa alibana pumzi. Siku nyingine alihisi kiti kimesogea kidogo upande wake. Siku nyingine aliligeuza shati alilomaliza akalisukuma kushoto, kama zamani, na shati likaanguka sakafuni.

Wenzake walinong'ona. Msimamizi, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimwita pembeni.

"Tundu, kiti kile nakihitaji."

"Kina mtu," alisema, kisha akasikia alichosema.

Msimamizi alikitazama kile kiti. "Jumatatu anakuja mshonaji mpya," alisema mwishowe. "Nisamehe."

Jumatatu akaja mwanamke wa makamo, mnene, mchangamfu, aliyejitambulisha kwa jina moja tu: Mama Pacha. Hakuna aliyemwambia kitu, maana kila mtu alidhani mwingine ameshamwambia. Alijishusha kwenye kile kiti akihema, akapanga sindano zake, akauona waya umelala juu ya paja lake na kipande chake cha kusikilizia kinamtazama.

"Aa, nimewekewa na changu," alisema kwa furaha, akakichomeka sikioni.

Tundu alinyoosha mkono, akachelewa.

Mama Pacha aliruka, akashika sikio. "Yuu! Punguza, dada, kinanipasua kichwa!"

Mkasi ukamtoka Tundu. Hakuweza hata kusogeza kidole kwenye kitufe. Ni Mama Pacha mwenyewe aliyenyoosha mkono, akakishika kidude, akatafuta kitufe, akapunguza. "Haya, sasa tunasikilizana," alisema, akatia uzi kwenye sindano.

Wimbo ulikuwa ukienda zake. Kwenye sikio la Tundu sasa ulikuwa karibu haupo kabisa, ila aliujua ulipofika kwa sekunde. Njia ni ndefu. Na Mama Pacha, ambaye hakuwahi kukanyaga jengo lile kabla ya asubuhi hiyo, ambaye hakuwahi kumwona Kifungo akiwa hai, aliinamia shati akaimba kwa sauti nyembamba isiyofanana na mwili wake:

"Niko nyuma yako, usigeuke."

Tundu aligeuka.

Kwa kitambo hakumwona Mama Pacha. Aliona bega, aliona kichwa kilichoinama, aliona mkono ukivuta uzi juu. Akasimama ghafla, kiti chake kikapinduka.

"Nani amekuambia maneno hayo?"

"Maneno gani?"

"Hayo! Uliyoimba!"

Mama Pacha alimtazama kwa hofu, kama mtu aliyeshtakiwa asubuhi ya kwanza ya kazi. "Mbona yamo, dada. Wanaitikia. Kundi zima la wanawake." Akakitoa sikioni, akakifuta kwenye kanga yake, akampa. "Si usikilize."

Basi akakichukua. Kilikuwa bado na joto la sikio la mtu. Akakichomeka sikio lake la kulia, akarudisha wimbo mwanzo.

Kulikuwa na wimbo mwingine mle ndani, nusu iliyorekodiwa upande wa kulia tu. Kulikuwa na zeze, kulikuwa na makofi, na mwimbaji alipouliza wakajibu wanawake wengi, karibu sana, kama wamesimama mgongoni kwake. Miaka mitatu mdogo wake alikuwa akiwasikia. Hakutunga hata neno moja. Na sauti, hata baada ya kupunguzwa, ilikuwa kubwa. Alipoirudisha pale alipoiacha Jumanne ile ilimchoma mpaka kwenye taya, akaking'oa. Akaugusa waya wa kushoto, wake, karibu na pale unapogawanyika. Ulikuwa umechunika, nyuzi za shaba zimebaki mbili tatu. Kidude hakikuzeeka. Ni upande wake peke yake uliokuwa unakufa, na yeye alivyokuwa akiufukuzia kwa kupandisha, alikuwa akimpigia mdogo wake makelele sikioni, siku baada ya siku, na mtoto yule akavumilia.

Alishuka ngazi akakaa uani juu ya robota la vitambaa. Mama Pacha alimfuata na kikombe cha maji. Alikuwa ameshaambiwa na benchi la nyuma. Hakusema pole. Alikaa tu, mpaka msimamizi alipochungulia dirishani akarudisha kichwa.

Jioni hiyo Tundu alikwenda na kidude nyumbani kwa mara ya kwanza. Mama yao alikuwa anakunja nguo zilizokauka. Tundu alikiweka mezani, akasimulia yote akiwa amesimama: Jumanne, lile neno, alivyomjibu, waya uliochunika.

"Ni mimi, mama," alimaliza. "Aliniomba mara mbili."

Mama yake aliendelea kukunja shati moja lile lile, akalikunjua, akalikunja tena.

"Kule wodini," alisema, "muuguzi akiweka sinia, analia. Mlango ukifungwa, analia. Nikavua viatu ili nisitoe mshindo. Daktari akaniambia ugonjwa huo ndivyo ulivyo, mwanga unauma, sauti inauma. Ulikuwa umeshamwingia, mwanangu. Ungemnong'oneza, ungemuumiza."

"Lakini angesikia nimempunguzia."

"Ndiyo," mama alisema. "Angesikia."

Hakumdanganya. Kisha akakaa kitandani, shati mapajani, akasema jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu.

"Alfajiri ya Jumanne ile aliniambia, mama, kichwa kinauma, leo nilale. Wewe ulikuwa unaoga. Nikamwambia, kila wiki huna siku ya kuumwa ila ya kazi. Nikamvuta shuka, nikamfunua." Akaonyesha kwa mkono jinsi alivyovuta. "Akaamka akavaa."

Walikaa hivyo mpaka chumba kikaanza kuwa na giza na hakuna aliyekumbuka taa. Hawakusameheana, maana hakuna kati yao aliyekuwa na cha kumsamehe mwenzake. Na yule mwenye msamaha hakuwepo. Lakini Tundu aliona ajabu moja: kwamba miezi yote ile, katika nyumba ya vyumba viwili, kila mmoja alikuwa akitembea kwa kunyata akidhani ni yeye peke yake anayesikia mtu.

Waya ulibadilishwa. Tundu na Mama Pacha waligawana ule mpya, na ilichukua wiki kadhaa Tundu aache kushtuka kila wimbo ulipofika kwenye gitaa. Hakuacha kabisa. Mpaka leo akiusikia huo wimbo hageuki nyuma. Ukimuuliza kwa nini, atakuambia shingo inamuuma.

Mwezi mmoja baadaye, saa nne asubuhi, mama yao alipanda zile ngazi. Hakuwahi kufika pale hata siku moja. Alikuja na blauzi iliyofumuka kwapani, kisingizio kisichomdanganya mtu, akasimama mlangoni akitafuta kwa macho.

"Alikuwa anakaa wapi?"

Mama Pacha aliinuka kabla hajaombwa, na shati lake mkononi. Mama akakaa. Mbele ya kiti kile palikuwa na nguzo ya zege iliyopakwa rangi ya krimu, karibu kiasi kwamba ukinyoosha mkono unaigusa. Aliinyooshea mkono. Akatazama kulia, dirisha la Tundu: mtaa, watu, kipande cha mbingu.

"Miaka sita alikuwa anaangalia nguzo?"

"Ndiyo, mama."

"Hamkubadilishana hata siku moja?"

"Hakuomba."

Mama aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama anakubaliana na mtu mwingine. Hakuinuka. Mashine zikaendelea, msimamizi akapita akajifanya hakuona, na Mama Pacha akaegemea dirisha akashona vifungo vyake wima mpaka kengele ya mchana.