Finjani ya Waziri

Wadha, binti wa marehemu kaka yangu, alikuwa na mume ng'ambo ya mto, na mto wenyewe si mpana kiasi cha kumzuia mtu kusikia anavyotukanwa kutoka upande wa pili. Mume huyo, Nawaf, alivuka daraja asubuhi moja ya baridi kwenda kung'oa jino. Kabla ganzi haijamtoka mdomoni, vijana wa kwetu na wa ng'ambo wakagombania pampu ya maji, risasi zikalia, na Shekhe Dahham, mkuu wa ukoo wetu, akaamuru daraja lizibwe kwa kifusi. Hakufa mtu, namshukuru Mungu, ila ng'ombe mmoja asiye na hatia. Njia ya kuzunguka ilikuwa na mabomu ya ardhini kutoka kwenye ile vita kubwa. Nawaf akabaki kwa mama yake.

Baridi ikaisha, joto likaja, tende zikaanza kuiva. Kila Ijumaa Wadha alishuka ukingoni na watu wa kingo zote mbili walikuja kusikiliza, maana hakukuwa na burudani nyingine.

"We Nawaf! Jino bado linauma?"

"Limepona, mke wangu!"

"Naona! Hata mashavu yamepona! Mama yako anakulisha nini?"

"Wali na bamia!"

"Basi ogelea uje!"

"Mkondo ni mkali!"

"Mkondo au bamia?"

Watu walicheka, naye akacheka. Lakini siku moja nilipita kwake nikamkuta anapiga pasi mashati ya mtu asiyekuwepo, moja baada ya jingine, tena na kola. Niligeuka nikarudi zangu. Roho iliniuma sana.

Wadha, ambaye ni mwalimu wa shule, alikwishakwenda kumsihi Shekhe afungue daraja. Mimi nilikuwepo, kwa kuwa mimi ndiye mmimina kahawa wa baraza lake, kazi niliyorithi kwa baba.

"Neno nimeshalitoa, mwalimu," Shekhe alimwambia. "Nikilirudisha bila sababu, ng'ambo watasema Dahham kaogopa. Niletee sababu."

Sababu ikaja na koti la kuzuia risasi. Iliitwa Bwana Henrik, kijana mwekundu kwa jua, aliyetumwa kuandaa ziara ya waziri wao wa mambo ya nje. Nchi yao ndiyo iliyolijenga upya daraja letu baada ya vita, na sasa waziri alitaka kuliona. Wadha anafundisha Kiingereza, kwa hiyo akafanywa mkalimani.

Sijapata kuona mtu anayeogopa kama Henrik. Alikagua mito ya kukalia. Alikagua kuku. Alisema kondoo asichinjwe miguuni pa waziri, na risasi za shangwe zisipigwe, jambo lililowaudhi vijana kupita kiasi, kwani walishaandaa. Kuhusu kifusi, alilala chini kwa tumbo na kamera yake mpaka akapata pembe ambayo kifusi hakionekani. Waziri angepigwa picha pale, akitabasamu, na daraja lingeonekana zima kama siku ya harusi.

"Tena," akasema kwa kinywa cha Wadha, "Mheshimiwa hatakula wala kunywa chochote. Ni amri ya usalama."

"Hata kahawa?" nikauliza.

"Hata maji."

Nikamtazama Wadha. Kwetu, mgeni akipewa kahawa akaiweka chini bila kuionja, maana yake ana haja, na hatakunywa mpaka mwenye nyumba amtimizie. Mwenye nyumba akimwacha aondoke na finjani imejaa, bora ahame mji.

"Mwambie huyu habari ya finjani," nikamwambia kwa lugha yetu.

Wadha akatazama ng'ambo ya mto. "Mgeni kasema hanywi, Ami. Mimi ni nani nimbishie mgeni?"

"Wadha! Utanifukuzisha kazi."

"Wewe mimina kahawa, Ami. Ndiyo kazi yako."

Nikajua jambo limeshapikwa, na mimi ndiye sufuria.

Siku ya ziara waziri alifika, mtu mrefu mwenye adabu, akikohoa vumbi. Picha ya daraja ikapigwa katika ile pembe. Akaketishwa kulia kwa Shekhe. Nikamimina. Akaipokea finjani, akatabasamu, akaishusha zuliani.

Tasbihi zilisimama. Baraza zima likaitazama ile finjani, na waziri naye akaitazama, nadhani akidhani ina nzi.

"Hajui desturi huyu," mpwa wa Shekhe akanong'ona.

"Aliyekaa barazani kwangu ni mgeni wangu," Shekhe akasema kwa sauti. "Mkalimani, muulize. Haja yake nini?"

Wadha akauliza. Waziri akajikohoza, akajibu. Alizungumza kwa mikono yote miwili, akaonyesha dirishani, akaweka kiganja moyoni, akarudi tena mwanzo. Mimi Kiingereza sikijui, lakini hotuba naijua nikiiona. Alipomaliza, watu wote wakamgeukia Wadha.

"Anataka daraja lifunguliwe," akasema.

"Yote yale?" akauliza mpwa.

"Mengine ni salamu."

Shekhe alifumba macho. Nilihesabu kazi yangu imekwisha, nikaiaga. Kisha akapumua kama mtu aliyeshushwa mzigo, na mpaka leo siwezi kuapa nani siku ile alimtega nani, kwa sababu dada yake Shekhe naye kaolewa ng'ambo.

"Mwambie anywe kahawa yake. Haja yake nimempa."

Hapo ndipo mambo yalipotaka kuharibika. Asipokunywa, neno halifungiki. Wadha akainama sikioni kwa waziri, Henrik akaruka akitikisa karatasi zake, mlinzi akanyoosha mkono. Waziri akamtazama Wadha. Sijui aliona nini usoni mwake. Mimi niliona yale mashati. Akausogeza mkono wa mlinzi taratibu, akaichukua finjani, akanywa. Uso ukamkunjamana kwa uchungu, lakini akanywa mpaka tone la mwisho.

Sasa, hakuna aliyemfundisha kuitikisa finjani kuonyesha kwamba ametosheka. Alinirudishia tu, na mimi kazi yangu naijua: nikamimina tena. Akanywa. Nikamimina. Henrik alikuwa ameshika kichwa. Waziri, kwa adabu zake, alinywa mpaka dele la kahawa likakauka, akapanda gari macho yamemtoka, na nina hakika hakulala wiki nzima. Vijana wakashindwa kujizuia, wakapiga risasi za shangwe, na gari likaondoka kwa kasi ambayo barabara yetu haijapata kuiona.

Kesho yake kifusi kikaondolewa. Wadha alisimama mwanzo wa daraja tangu alfajiri. Alikuwa na matusi aliyoyaweka akiba tangu majira ya baridi. Nilimsikia akiyapitia njiani, yalikuwa mazuri sana. Nawaf akatokea, mnene, mashavu yanang'aa, na Wadha hakusema hata moja. Alimshika kola ya shati, akailaza vizuri, akalia. Mimi pia nililia, sioni aibu kusema.

Nyumbani nikawapikia kahawa kwa mkono wangu. Nawaf akaipokea, akamtazama mkewe, akaiweka finjani chini bila kuionja.

"Nina haja, mwalimu."

Wadha akageuka polepole kutazama mlangoni. Mama mkwe, aliyevuka daraja nyuma ya mwanawe, alikuwa ameketi juu ya furushi la godoro lake, sufuria ya bamia mapajani, akitazama pembeni kama vile hasikii.

Nikamwona Wadha anaitazama ile finjani, kisha ananitazama mimi.

"Kunywa," akamwambia mumewe. "Itapoa."